Mkataba wa milele wa Kigoma na michikichi ya Simbo

Nimekuwa kimya, najua, na lawama nimezipokea. Leo sina siasa za Dodoma wala sina mpira. Leo nina kisa cha mkataba, na naomba mnivumilie maana ni kirefu kidogo.

Juma lililopita baba yangu mdogo alinipigia simu kutoka Simbo. Kwa wale ambao hamjafika kwetu, Simbo ni kijiji cha Kigoma Vijijini, si mbali na Ujiji, na ni nchi ya michikichi na mawese. Baada ya salamu ndefu (kwetu mtu haanzi na shida) akaniambia: "Mwanangu, wewe si mwandishi? Basi niandikie mkataba usiovunjika."

Nilicheka. Nikamwambia mimi ni mwandishi wa habari, siyo wakili. Akanijibu kwamba kalamu ni kalamu. Hapo nikaacha kucheka, kwa sababu najua yaliyompata mwaka 2022, na najua kwamba ombi lake si la utani.

Iko hivi. Januari 2021 baba mdogo alikodi shamba la michikichi kwa miaka 3. Wenzetu wa mjini mnajua kupanga chumba. Kule watu hukodi michikichi: shamba linabaki la mwenyewe, wewe unapalilia, unapanda juu ya mti kukata mikungu, unakamua mawese, unauza, na mwenye shamba unamlipa kiasi mlichokubaliana kwa mwaka. Waliandikiana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili wakaweka sahihi, mwenyekiti wa kitongoji akagonga mhuri. Kodi ilikuwa ile ile kwa miaka yote mitatu, inalipwa kila Januari.

Mwaka wa kwanza mavuno yalikuwa mabaya. Baba mdogo alimfuata mwenye shamba akamwomba kodi ya mwaka wa pili ipunguzwe kidogo, au angalau aruhusiwe kulipa nusu kwanza. Akajibiwa maneno manne ambayo hadi leo anayarudia: "Mkataba ni mkataba, bwana." Akauza mbuzi, akalipa.

Halafu ukaja mwaka 2022. Mnakumbuka mafuta ya kula yalivyopanda bei mwaka ule? Vita vya Ukraine vilikuwa vimevuruga mafuta ya alizeti, na mwishoni mwa Aprili Indonesia, nchi inayozalisha mawese mengi kuliko zote duniani, ikazuia kuuza mawese nje kwa wiki kadhaa. Watu wa Simbo hawakuhitaji kusoma gazeti kujua hayo. Waliyaona kwenye bei ya dumu. Wanunuzi walikuwa wanalifuata dumu mpaka kwenye mashine ya kukamulia.

Na mwenye shamba naye akaliona. Asubuhi moja akafika kwa baba mdogo na habari mpya: kuanzia mwezi ule hataki tena pesa, anataka nusu ya mafuta yote yatakayokamuliwa. Kama hutaki, toka shambani. Baba mdogo akaingia ndani, akatoka na karatasi yake ya daftari. Mwenye shamba hata hakuisoma. Akasema karatasi ile iliandikwa bei ikiwa chini.

Mnaona ilipo ladha ya kisa hiki? Bei ilipokuwa chini, mkataba ulikuwa mkataba. Bei ilipopanda, ukawa karatasi.

Nilikuwa Kigoma siku hizo kwa mapumziko, na jioni nilikwenda Ujiji kunywa kahawa kijiweni nikiwa nimefura kama andazi. Nikamwaga sumu yangu yote juu ya watu wasioheshimu sahihi zao. Nikasema nchi isiyoheshimu mikataba haiendelei, na maneno mengine ambayo sisi waandishi tunayapenda. Mzee mmoja, mstaafu wa bandari, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole: "Sasa Mwalimu naye tumweke wapi? Maana mkataba mkubwa kuliko yote uliowahi kuandikwa kuhusu Kigoma hii, aliuvunja yeye. Na nyie vijana mnamsifu."

Kijiwe kizima kikaniangalia mimi. Sikuwa na jibu. Nililipa kahawa nikaondoka, na suala lile limekaa kichwani mwangu tangu siku ile.

Wadau wengi hawaujui mkataba aliokuwa anausema mzee yule, na hata mimi mtoto wa Kigoma shuleni sikufundishwa. Ngoja niuseme.

Wajerumani walifikisha reli Kigoma mwaka 1914. Vita Kuu vikaanza mwaka huo huo, na Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaiteka Kigoma. Wakakaa. Vita vilipokwisha, wakubwa wakaketi kugawana: Ubelgiji ikapewa Rwanda na Burundi, Uingereza ikapewa Tanganyika, na Wabelgiji wakatakiwa waiachie Kigoma. Lakini bidhaa za Kongo ya mashariki zilikuwa zinavuka ziwa hadi Kigoma, kisha zinapanda reli zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam. Mbelgiji hakutaka kuipoteza njia ile.

Basi tarehe 15 Machi 1921, mjini London, Uingereza na Ubelgiji zikatiliana sahihi. Ubelgiji ikakodishiwa eneo la bandari Kigoma na eneo jingine bandarini Dar es Salaam. Mizigo yake ingepita bila kutozwa ushuru wa forodha. Maeneo yale yakaja kuitwa Belbase. Kodi yake? Faranga 1 kwa mwaka. Na muda wa mkataba? Milele.

Rudia kusoma hapo. Faranga moja. Milele. Hata mwenye nyumba wangu wa Sinza angezimia.

Miaka 40 ikapita. Ubelgiji ikajenga, ikaendesha, ikafaidi. Kisha uhuru ukakaribia, na swali likaja lenyewe: tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika itakapokuwa nchi, itaurithi mkataba ule? Nyerere alijibu bungeni tarehe 30 Novemba 1961, siku 9 kabla ya bendera kupandishwa. Hoja yake kwa kifupi ni hii. Uingereza haikuwa mwenye nchi. Ilikuwa mlezi, imekabidhiwa Tanganyika kwa muda, kwanza na Shirikisho la Mataifa, baadaye na Umoja wa Mataifa. Mwenye haki ya muda hawezi kugawa haki ya milele. Kwa hiyo ukodishaji ule, kwa upande wa Tanganyika huru, haufungi mtu.

Tena kuna jambo linalonifurahisha kila nikilisoma. Mkataba ulitiwa sahihi Machi 1921, lakini Shirikisho la Mataifa liliidhinisha rasmi udhamini wa Uingereza juu ya Tanganyika Julai 1922. Yaani Mwingereza alikodisha nyumba milele wakati hata hati yake ya kuwa msimamizi haijatoka! Mjini tunawajua madalali wa namna hiyo.

Basi, turudi kwa mzee wa kijiweni. Je, Mwalimu alifanya kile kile alichofanya mwenye shamba wa Simbo? Wote wawili walikuta karatasi yenye sahihi wakasema hawaifuati. Kama mmoja tunamsifu na mwingine tunamlaani kwa sababu tu mmoja ni wetu, basi sisi ni wanafiki, na mzee ana haki ya kutucheka.

Mimi nadhani kuna tofauti, na nimeipata kwa kuangalia mambo matatu.

La kwanza, sababu. Mwalimu hakusema faranga moja ni ndogo. Angeweza kusema, na watu wangempigia makofi. Alisema aliyekodisha hakuwa na mamlaka ya kukodisha kwa namna ile. Hoja ya bei inageuka na upepo: leo bei imepanda naikataa karatasi, kesho ikishuka naipenda tena. Hoja ya mamlaka haigeuki. Ingekuwa kweli hata kama kodi ingekuwa faranga milioni moja. Na inambana hata anayeisema, maana Tanganyika nayo ilibidi ikubali kwamba kesho haiwezi kugawa kisicho chake.

La pili, namna. Mwalimu alisema mapema, hadharani, bungeni, kabla ya siku yenyewe. Hakupeleka askari usiku kubadilisha makufuli bandarini. Alisema pia kwamba Tanganyika haikatai majirani wapate huduma ya bandari, inakataa tu ile milele iliyotolewa na asiye mwenyewe, na kwamba iko tayari kuzungumza. Meli hazikusimama. Kampuni ya Kibelgiji iliendelea kuhudumia mizigo pale kwa miaka mingi baada ya uhuru, na hadi leo mizigo ya Bujumbura na ya Kongo inapita Kigoma. Kwa mikataba mingine kati ya nchi na nchi ambayo Mwingereza alikuwa ameifunga kwa niaba ya Tanganyika, Mwalimu aliandikia Umoja wa Mataifa kwamba itaendelea kuheshimiwa kwa miaka 2, na ndani ya muda huo kila upande uje mezani tuone upi unabaki na upi unaondoka. Wanasheria wa dunia wanaufundisha msimamo ule mpaka leo kwa jina lake.

La tatu, uwezo wa kukataa. Mkataba wa 1921 ulifungwa na watu wawili wakigawana mali ya mtu wa tatu ambaye hakuwepo chumbani. Mwenye shamba wa Simbo alikuwepo. Alikaa kwenye kigoda, akasoma, akakubali, akaweka sahihi, akapokea pesa, akahesabu mara mbili. Huwezi kulia kwamba umefungwa na kamba uliyoisokota mwenyewe.

Sisemi mambo yalimnyookea Mwalimu kwa sababu ya haki peke yake. Ubelgiji ya 1961 ilikuwa imeshaipoteza Kongo mwaka mmoja nyuma, na Rwanda na Burundi zilikuwa njiani. Ingekuwa na nguvu, huenda ingeng'ang'ania. Angalia Guantánamo: Marekani ilikodishiwa na Cuba mwaka 1903, na mkataba wa 1934 unasema ukodishaji hauwezi kufutwa bila wote wawili kukubali. Baada ya mapinduzi ya 1959 Cuba imekataa kuzipokea hundi za kodi mwaka hadi mwaka. Hundi zinatumwa, Mmarekani bado yupo. Mpangaji mwenye manowari haondoki kwa hoja nzuri.

Lakini kuna mdau atasema: sawa, hayo ni ya wakoloni, sisi wenyewe kwa wenyewe je? Tunao mfano wetu, tena wa mjini kabisa, na wengi wenu mlikuwa na ndoo mkononi wakati huo. City Water.

Mwaka 2003 mamlaka ya maji ya Dar es Salaam ilitia sahihi mkataba wa miaka 10 wa kuikodisha huduma ya maji kwa City Water, kampuni iliyokuwa na Waingereza wa Biwater na Wajerumani wa Gauff ndani yake. Kisheria ulikuwa mkataba wa upangaji: miundombinu ni ya umma, kampuni inaendesha, inakusanya bili, inalipa kodi. Walishinda zabuni kwa hesabu zao wenyewe. Muda si mrefu hesabu zikagoma. Makusanyo yakawa chini ya walivyotarajia, na kampuni ikaanza kutaka masharti ya mkataba yaangaliwe upya. Hapo mpangaji ndiye aliyetaka kubadilisha.

Serikali ilikuwa na haki ya kukataa. Kama umeomba kazi kwa hesabu mbovu, hasara ni yako. Lakini Mei 2005 waziri akatangaza mkataba umekwisha, ofisi zikachukuliwa, na Juni 1 mameneja wa kigeni wakapakiwa kwenye ndege. Kesi ikaenda kwa wasuluhishi wa kimataifa, na uamuzi wa Julai 2008 ni somo zuri kuliko hotuba yoyote. Walisema Tanzania ilikiuka wajibu wake kwa namna ilivyoichukua kampuni ile. Halafu wakasema haidaiwi hata senti ya fidia, kwa sababu kampuni yenyewe ilishakuwa haina thamani. Kwa maneno ya kijiweni: ulikuwa na haki ya kumtoa mpangaji, lakini hukupaswa kumtoa kwa kuvunja mlango.

Na mwaka 2017 Bunge letu likapitisha sheria ya kupitia masharti hasi kwenye mikataba ya maliasili. Wapo walioishangilia na wapo walioiogopa. Mimi naitazama kwa kipimo kile kile. Sheria ile inataka sharti baya litajwe wazi na Bunge, kisha upande wa pili uitwe kujadiliana. Ikitumika hivyo, ni njia ya Mwalimu. Ikitumika kumwambia mtu toka kwa sababu bei ya dhahabu imepanda, ni njia ya mwenye shamba wa Simbo, hata kama imevaa suti.

Sasa nirudi shambani, maana sijamaliza, na sehemu iliyobaki ndiyo inayonisumbua.

Baba mdogo alikataa kutoka. Sheria ya Mikataba (nayo ni ya mwaka 1961, mwaka ule ule wa hotuba ya Mwalimu) iko wazi kwamba mkataba halali unabadilishwa kwa makubaliano ya wote wawili, siyo kwa mmoja kuamka vibaya. Shauri likapelekwa baraza la ardhi la kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Wazee wakasoma karatasi, wakamuuliza mwenye shamba kama sahihi ni yake. Ni yangu. Pesa ulipokea? Nilipokea. Tulikuwa tunaelekea ushindi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuandika habari kichwani.

Ndipo akasimama mama mmoja wa makamo, amekuja kutoka Ujiji, hakuna aliyemtarajia. Akasema kwa heshima zote kwamba yeye ni dada wa mwenye shamba, baba yao alifariki, mirathi haijagawanywa, watoto wako watatu, na shamba lile ni la wote. Kaka yake alikodisha bila kumuuliza mtu. Yeye hajawahi kuona hata shilingi moja ya kodi. Akamgeukia baba mdogo: "Kaka yangu, wewe sina ugomvi na wewe. Lakini aliyekukodishia hakuwa na ruhusa yetu."

Wadau, mmesikia? Ni hotuba ya Novemba 30, 1961. Neno kwa neno hapana, lakini hoja ni ile ile. Aliyekodisha alikuwa msimamizi, siyo mwenyewe. Mtu wa tatu hakuwepo chumbani. Na safari hii hoja ile niipendayo ilikuwa inamvua shati baba yangu mdogo, mtu aliyeuza mbuzi ili aheshimu mkataba.

Nilitamani yule mama awe mwongo. Nilitamani awe ametumwa na kaka yake. Nikamtazama kaka mtu: alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Hakutumwa. Alikuwa anasema kweli, na kila mtu pale alijua.

Basi ule ndio mtihani. Kama hoja ya Mwalimu ni ya haki pale tu inapombana Mbelgiji, si hoja, ni ushabiki. Nikakubali moyoni, kwa uchungu, kwamba yule mama ana haki. Baba mdogo alipaswa kuuliza tangu mwanzo: hiki unachonikodishia ni cha nani?

Lakini oneni alivyofanya yule mama. Hakuja usiku na panga kukata mikungu. Hakusema tokeni leo. Wazee walipomuuliza anataka nini, akasema baba mdogo amalizie mwaka aliokwisha kulipia, kwa kodi ile ile, kwa sababu pesa imeshatoka mfukoni mwake na kosa si lake. Hiyo pesa kaka mtu aigawe kwa watatu. Mwaka wa tatu ufutwe, na Januari wakae wote, warithi watatu na mpangaji, waandike upya. Mwanamke ambaye sina hakika kama aliwahi kulisikia neno Belbase alifanya yale yale: akataja sababu isiyo ya bei, akatoa taarifa, akaacha kazi iendelee, akaita watu mezani.

Kaka mtu yeye alikosa nusu ya mafuta na akadaiwa theluthi mbili za kodi. Sikumhurumia sana. Kidogo tu.

Sitaki muondoke mkidhani kila mtu alitoka akicheka. Januari 2023 waliandikiana upya, na kodi mpya ilikuwa kubwa kuliko ya zamani. Baba mdogo bado ananung'unika. Anasema angebaki na mkataba wake wa kwanza angeshajenga. Pengine ni kweli. Haki ya yule mama ilimgharimu mtu asiye na hatia, na hilo siwezi kulifuta kwa sentensi nzuri. Ndiyo maana alipopiga simu juma lililopita, mkataba ule wa pili ukiwa umekwisha na shamba jingine mbele yake, hakuomba mkataba wa bei rahisi. Aliomba usiovunjika.

Nimemwandikia, jamani. Ni ukurasa mmoja. Nimemwambia asimwonyeshe mtu kabla ya mwanasheria wa msaada wa kisheria kuupitia, na kwamba ardhi ya kijiji ina taratibu zake, halmashauri ya kijiji lazima ijue. Lakini vitu vitatu nimevisisitiza kwa mwino mweusi.

Kimoja, wenye shamba wote watajwe kwa majina na wote waweke sahihi. Si mkubwa wao tu, si wa kiume tu.

Cha pili, kuna sentensi inayosema bei ya mawese ikipanda sana au ikishuka sana, upande wowote unaweza kuuita mwenzake mezani mwezi mmoja kabla ya Januari, na mpaka watakapokubaliana, kodi inabaki ile ile. Nimeiweka ile ya kushuka makusudi. Kama mwenye shamba anataka kufaidi bei ikipanda, basi siku ikishuka asiniambie mkataba ni mkataba, bwana.

Cha tatu, hakuna neno milele. Miaka 3 inatosha.

Baba mdogo aliusoma kwa simu, polepole, akiwa amevaa miwani ya kuazima. Mwisho akauliza: "Sasa huu hauvunjiki?"

Nikamwambia ukweli. Unavunjika, baba. Yote inavunjika. Huu atakayeuvunja itabidi aje mchana, na ataje sababu yake mbele ya watu.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hiyo nayo ni kitu." Akanisalimia wajukuu, akakata simu.

Na wewe mdau unayesoma hapa, uliyelipa kodi ya miezi 6 Mwananyamala au Mwanga Kigoma, na mwenye nyumba kakugongea mwezi wa tatu akisema bei ya mtaa imepanda: muulize sababu yake ingekuwa ile ile kama bei ingeshuka? Ukiona anatazama pembeni, umeshapata jibu. Ila kabla hujamuuliza, hakikisha na wewe siku ile unahamia ulimuuliza nyumba ni ya nani.

Mzee wa kijiweni Ujiji, kama wajukuu wako wanakusomea haya, nakudai kikombe kimoja cha kahawa. Jibu limechelewa, lakini limefika.

Naomba kutoa hoja.